Dawa ya Madoa

"Haya ni mate!"

Mama wa maabara alikitoa kikopo nje ya dirisha dogo, akakiinua kwenye mwanga ili kila aliyekaa kwenye benchi akione. "Nani kaniletea mate? Mimi nimeomba makohozi. Makohozi yanatoka huku," akajipiga kifuani kwa ngumi iliyovaa glavu, "siyo huku mdomoni. Mate ninayo ya kwangu yananitosha."

Benchi zima likacheka. Ni kicheko cha hospitali kile, cha watu waliokaa tangu asubuhi na hawana kingine cha kuchekea. Aliyechekwa alikuwa mwanamume mrefu, mwembamba, mwenye koti lililonyooka kama karatasi mpya, ambaye watu walimwita Pasi kwa sababu ndiyo kazi yake, kupiga nguo pasi. Lakini aliyeumia hakuwa yeye. Aliyeumia alikuwa mkewe aliyesimama nyuma yake na mkoba mikononi, maana kikopo kile kilikuwa na jina la mume wake, na jina la mume wake lilikuwa linatangazwa mtaani pamoja na mate.

Huyu mwanamke alikuwa dobi. Wateja walimbatiza Bi Doa, kwa kuwa alikuwa na jicho la kuona doa hata pale mwenye nguo mwenyewe haoni, na akishaliona halali mpaka litoke. Nyumbani kwake mtu hakohoi hovyo. Unakohoa kwenye leso, leso inakunjwa, inatumbukizwa kwenye beseni la pembeni, na kesho yake inaning'inia kambani nyeupe pe. Pasi alikuwa amezifuata sheria hizo miaka yote ya ndoa. Kikohozi chake kilianza kabla mjukuu wao hajaota jino hata moja, na sasa mjukuu alikuwa anang'ata vidole vya watu, lakini majirani wengi hawakuwa wamemsikia mzee akikohoa.

"Baba watoto, kwa nini umempa mate?" Bi Doa alimnong'oneza.

"Nilimwonea haya," Pasi akajibu. "Mtu simjui, nimpe uchafu wangu mkononi? Nikasukutua kwanza, nikampa kitu cha heshima."

Mama wa maabara aliwasukumia vikopo viwili vipya. "Sikilizeni basi. Alfajiri, kabla hajatia kitu mdomoni. Avute pumzi ndefu, akohoe mpaka kitoke cha chini kabisa. Kesho kimoja, keshokutwa kingine. Mfunike vizuri, mlete mapema. Na mate sitaki kuyaona tena hapa."

Hakuwaambia wasitie kitu. Nani angefikiria kuwaambia? Humwambii mtu asitie mchanga kwenye chai.

*

Alfajiri ile uani kulikuwa na mabeseni yaliyopinduliwa na kamba tupu. Pasi alishika nguzo ya kamba kwa mikono miwili, akavuta pumzi, akakohoa. Akakohoa tena. Mara ya tatu kitu kikapanda, akakitema kikoponi huku machozi yakimtoka.

"Lo!" Bi Doa alisema alipochungulia. "Hiki ndicho kilichokuwa ndani yako siku zote?"

"Si changu. Ni cha mpangaji," alisema Pasi akihema. "Nimemwambia ahame, hataki."

Kwa kawaida Bi Doa angemcheka. Asubuhi hiyo hakucheka. Mle kikoponi kulikuwa na donge zito la manjano lililokaribia kijani, na ndani yake uzi mwembamba wa damu. Alimsaidia mumewe kurudi kitandani, kisha akarudi uani peke yake na kusimama mbele ya kikopo.

Alichokiona si makohozi. Alikiona kikopo kikiinuliwa dirishani, na benchi zima likishika pua. Alimwona yule mama akiuliza kwa sauti ile ile, "Nani kaniletea hiki?" Akajiona yeye, Bi Doa, ambaye mashuka ya nyumba ya wageni, makoti ya wafanyakazi wa benki na magauni ya maharusi yanapita mikononi mwake, akijibu, "Cha mume wangu."

Juu ya rafu, palepale pa siku zote, ilikaa chupa ya dawa ya madoa, klorini kali aliyozoea kuipima kwa jicho. Alifungua kizibo. Akadondosha tone moja. Donge likalegea kidogo. Akadondosha la pili, na la tatu, akakitikisa kikopo taratibu kama atikisavyo ukosi wa shati ndani ya maji. Uzi wa damu ukafifia, ukapotea. Manjano yakawa meupe, yakawa laini, kitu ambacho mtu unaweza kumpa mtu.

"Limetoka," alisema, na roho yake ikatulia. Mimi simcheki. Mtu hushika kile mkono wake ulichozoea kushika.

Binti yao alitokea mlangoni na mtoto mgongoni. Alikuwa amerudi kwa wazazi kujifungua na akabaki, akawasaidia kupokea nguo za wateja. "Mama, umeshaanza kufua saa hizi? Nasikia harufu."

"Naandaa tu. Mpelekee baba yako maji."

Kesho yake akafanya vilevile, kwa kikopo cha pili, na safari hiyo mkono wake haukusita hata kidogo.

*

"Hakuna mdudu," alisema mama wa maabara siku ya majibu. "Tumetazama kwa hadubini, tumepitisha kwenye mashine ya TB, hamna kitu. Yalikuwa mepesi mepesi, lakini angalau hayakuwa mate."

Bi Doa alitoka pale kichwa juu. Njia nzima alikuwa anasalimia watu ambao siku nyingine huwapita tu. Alipofika nyumbani alimkuta meneja wa nyumba ya wageni amesimama kwenye kaunta na magunia yake ya mashuka, hajayatua chini. Nusu ya kazi ya udobi ya Bi Doa ilikuwa mashuka ya huyu meneja.

"Bi Doa, mimi na wewe hatuna ubaya," alianza meneja akitazama pembeni. "Ila maneno yanazunguka. Wanasema mzee kifua kimemshika. Na haya mashuka watu wanalalia, wanajifunika mpaka puani..."

"Amepimwa mara mbili. Nimetoka huko sasa hivi. Ni safi."

"Safi kabisa?"

"Kama mashuka yako yakitoka kwangu."

Meneja akacheka, akayatua magunia. Binti akaanza kuhesabu foronya. Kwenye kigoda karibu na meza ya pasi alikaa wifi yake Bi Doa, dada wa Pasi, mwanamke mwenye mdomo usio na mlango. Alisubiri mpaka meneja aende zake.

"Kama ni safi, mbona anakonda?"

"Wifi, ulitaka aonekane mgonjwa?"

"Nilitaka ajulikane ana nini. Koti lile analovaa, juzi lilikuwa linambana. Sasa wanaingia wawili. Mficha maradhi, wifi yangu..."

"Nani kaficha?" Bi Doa akapandisha sauti. "Nimepeleka vikopo kwa mkono wangu mwenyewe! Majibu yametoka, hakuna mdudu. Unataka nimchukulie mdudu wa kuazima?"

"Haya, mama. Nimenyamaza." Wifi akajifunga upya kitambaa cha kichwa. "Nyumba hii, mtakuja kufa kwa usafi."

Pasi alikuwa anasikia yote kutoka chumbani. Alimwita mjukuu, akampandisha kifuani pake, akaanza kumrusha rusha polepole. Tangu kikohozi kizidi alikuwa anajizuia kumshika. Sasa majibu yalikuwa safi, akambusu shavu hili na shavu hili.

*

Usafi ule haukumshusha homa. Vidonge alivyopewa na zahanati mwanzoni alivimaliza, akaongezewa vingine, navyo akavimaliza. Usiku alilowesha shuka kwa jasho, mchana akatetemeka juani. Siku aliyokohoa na beseni likawa jekundu, wakamkimbiza hospitali, wakamlaza.

Daktari alikuwa mwanamke mwenye sauti ya chini. Alibandika picha ya kifua kwenye kioo cha dirisha, akawaita Bi Doa, binti na wifi wasogee. Pasi alikuwa kitandani, anawatazama migongo yao.

"Hili ni pafu la kulia. Mnaona hapa juu palivyoziba? Na katikati pana shimo. Kitu kinamla." Alisema bila kupamba. "Mimi nilikuwa na hakika ni bakteria. Lakini bakteria wako wengi, na kila mmoja na dawa yake. Nimonia ya kawaida nimeitibu, haikujali. TB imepimwa mara mbili, hakuna. Tulijaribu pia kuotesha makohozi ya vikopo vile viwili tuone kitakachoota, hakuna kilichoota. Hakuna hata wale wadudu wa mdomoni ambao kila mtu anao. Sijawahi kuona kifua kibovu kiasi hiki chenye makohozi safi kiasi hiki."

Bi Doa alihisi joto la fahari likimpanda, kisha akaona aibu ya kuona fahari mahali pale.

"Sasa?" aliuliza wifi.

"Sasa kama si mdudu, nabaki na kitu kibaya zaidi. Uvimbe, labda saratani. Hospitali kubwa watamfungua kifua wakate kipande wakitazame. Gari linaondoka mchana huu na nafasi yake ipo." Daktari alishusha sauti zaidi. "Sitawadanganya. Kwa mapafu yalivyo na damu aliyopoteza, anaweza asiamke kwenye meza. Lakini nikimwacha hapa bila kujua namtibu nini, najua atakufa."

"Kwa hiyo daktari," Bi Doa aliuliza polepole, "afadhali angekuwa na mdudu?"

"Mama yangu, ningemshukuru Mungu kwa mdudu. Mdudu ana dawa."

Walimletea Pasi karatasi ya kukubali kupasuliwa. Aliisaini akiwa amelala, na baada ya kusaini akaikunja mara mbili, kingo zikakutana sawasawa, akairudisha. Daktari akamgeukia Bi Doa. "Nenda maabara wakupe nakala ya majibu. Wapasuaji watayataka."

*

Dirisha la maabara lilikuwa limefungwa lakini mlango wa ubavuni ulikuwa wazi. Bi Doa alichungulia. Mama wa maabara alikuwa ameinama juu ya ndoo iliyojaa vikopo vilivyotumika, anamimina kitu kutoka kwenye dumu. Harufu ilimfikia Bi Doa kabla hajabisha hodi. Aliijua. Ilikuwa harufu ya mikono yake.

"Hodi. Mnaosha vikopo?" aliuliza, na kwa mara ya kwanza alimwona yule mama kama mtu wa kazi moja na yeye. "Mkiviloweka na sabuni kwanza vinatakata haraka."

"Kuosha? Hivi havioshwi, vinachomwa moto." Mama wa maabara alikaza kifuniko cha dumu. "Hapa tunaua. Humu mna TB, mna nimonia, mna kila balaa. Huwezi kuzitupa hai. Klorini ikishagusa tu, kwisha habari yao."

"Wanakufa?"

"Hakibaki kitu. Hata ukipitisha kwenye ile mashine, haioni. Ndiyo maana dumu hili naliweka mbali na meza ya vipimo. Tone likikosea njia likaingia kwenye kikopo cha mtu, umeshamwandika mzima, kumbe anakufa." Alivua glavu. "Haya, nikusaidie nini?"

Bi Doa alifungua mdomo.

"Majibu," alisema. "Majibu ya mume wangu."

Akapewa. Akashukuru. Akatembea mpaka kwenye bomba la maji lililoko kona ya baraza, akalishika, akasimama hapo kama anayesubiri zamu na hali hapakuwa na mtu mwingine.

Hakuna ajuaye, aliwaza. Ni mimi na ile chupa. Hospitali kubwa watapima upya, wana mashine kubwa, watamgundua wenyewe, na mimi nitakuwa sikusema neno. Halafu akawaza: na wasipopima? Karatasi niliyo nayo mkononi inasema hana mdudu, nani atahangaika kumpima tena? Akamwona meneja akibeba magunia yake. Akamsikia wifi akisimulia msiba wa kesho: alimuua mwenyewe, kwa mikono yake, akimng'arisha. Akatamani ardhi ipasuke, na ardhi ikakataa. Kutoka nje ya geti gari lilipiga honi, likapiga tena.

*

Wodini walikuwa wameshamvalisha Pasi soksi. Wifi alikuwa anafunga mfuko. Binti alikuwa amesimama karibu na kitanda na mtoto mgongoni, anamfuta baba yake jasho.

"Umerudi," Pasi alisema. Alisema neno, akapumzika, akasema jingine. "Nilidhani umekuta nguo chafu huko, umeanza kufua."

Bi Doa alikaa ukingoni mwa kitanda.

"Unayo ile karatasi? Nisomee pale."

"Pale wapi, baba watoto?"

"Pale pasemapo safi." Alitafuta mkono wake, akaushika. "Naogopa kisu, mke wangu, nisikufiche. Naogopa sana. Lakini nikifika pale mezani nitawaza hivi: angalau sikumwachia mjukuu wangu kitu kibaya. Nimembusu, nimemlaza kifuani, na sikumwachia kitu. Nisomee nisikie."

Mgongoni kwa binti, mtoto alikohoa. Kikohozi chenyewe kidogo, kikavu, cha mtu mdogo anayesafisha koo. Labda ni vumbi tu. Bi Doa alimtazama mtoto, akaitazama karatasi, na kitu alichokuwa amekizuia tangu kwenye bomba kikamshinda.

"Si safi," alisema.

"Nini?"

"Hii karatasi si kweli. Niliyang'arisha mimi."

"Ulifanya nini, mama?" binti aliuliza.

"Makohozi ya baba yako. Yalikuwa na rangi mbaya, yalikuwa na damu. Niliona aibu kuyapeleka vile. Nikatia dawa ya madoa. Kikopo cha kwanza na cha pili." Sauti yake ilikuwa inapanda bila yeye kutaka, na mgonjwa wa kitanda cha pili akainuka kwa kiwiko. "Niliwaua wadudu kabla hawajaonekana. Wamo! Wamo humo kifuani mwake, mimi ndiye niliyewafuta!"

Wifi alishika kichwa. "Uwi! Kikulacho ki nguoni mwako. Ndugu yangu! Ndugu yangu anakwenda kuchanwa kifua kwa ajili ya aibu yako!"

Bi Doa alinyoosha mkono kumgusa mtoto mgongoni. Binti akarudi nyuma hatua nzima. "Usimguse," alisema, na hakuwa amepaza sauti, na ndiyo sababu iliuma zaidi. "Harufu niliisikia, mama. Nikakuuliza. Ukaniambia unaandaa."

Wote wakamtazama Pasi. Alikuwa amekodoa macho kwenye dari. Mabega yakaanza kumcheza. Walidhani analia, kumbe alikuwa anacheka.

"Miaka yote ile..." alisema, akashindwa, akaanza tena. "Miaka yote unafua shati langu, ukaona haitoshi. Ukanifua mpaka ndani?"

Kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikamkunja kitandani. Binti akapiga kelele, "Kikopo! Lete kikopo!"

Bi Doa alikuwa ameshatoka. Alikimbia baraza nzima viatu mkononi, akapita mbele ya benchi, akapiga dirisha la maabara kwa kiganja mpaka likafunguka.

"Nipe kikopo! Vile viwili vya mume wangu nilitia klorini. Nilitia mimi, dobi, nilitaka viwe vyeupe. Nipe kingine, haraka, anakohoa sasa hivi!"

Safari hii benchi halikucheka. Mama wa maabara naye hakutania. Alimpa kikopo. Kisha akatoka yeye mwenyewe na glavu zake, akamfuata.

Walimtoa Pasi nje nyuma ya wodi, palipo na hewa, wakamkalisha kwenye kiti. Daktari alikuwa amekuja akikimbia, amemwambia dereva azime gari na asubiri. Lakini kikohozi kilikuwa kimekata. Pasi alikuwa anahema tu, mkono juu ya mdomo kama alivyofundishwa.

"Siwezi," alisema. "Watu wananitazama."

Bi Doa alipiga magoti mbele yake kwenye udongo. Akauondoa ule mkono mdomoni mwake.

"Kohoa, baba watoto. Waache watazame. Toa huo uchafu wote, nautaka, nautaka ulivyo. Kohoa!"

Akavuta pumzi. Akakohoa. Mkewe alikuwa anamkemea kama mkunga, "Tena! Usimeze! Tena!" na kwenye madirisha ya wodi wagonjwa walikuwa wamejazana. Kikatoka. Kilikuwa kibaya kuliko cha alfajiri ile, kizito, cha kijani na damu. Kingine kilimrukia Bi Doa kwenye blauzi. Mama wa maabara alinyoosha mkono kupokea kikopo, akakifunika, akakiinua kwenye mwanga kama desturi yake.

"Haya ndiyo makohozi," alisema.

*

Gari liliondoka na wagonjwa wengine. Jua lilikuwa limeshainama daktari alipotoka na kuwakuta wamekaa kwenye ukuta mfupi, kila mtu peke yake.

"Tumempata," alisema. "Ni TB. Na mashine inaonyesha dawa za kawaida zinamweza. Tunaanza leo."

"Asante Mungu!" Bi Doa alipiga makofi, akainama, akacheka na kulia pamoja. "Asante Mungu, ni TB!" Watu waliokuwa wanapita walimtazama, wakaharakisha mwendo.

Daktari hakucheka. "Mama, ulitupotezea muda ambao mumeo hakuwa nao. Nataka ulijue hilo. Na watu wote wa nyumba yako wapimwe. Tuanze na mtoto."

Jioni ileile Bi Doa alikwenda kwa meneja wa nyumba ya wageni, hakumtuma mtu. Alimwambia jina la ugonjwa. Akamwambia pia yale aliyoelezwa na daktari, kwamba nguo iliyofuliwa na kupigwa pasi haimpi mtu TB. Meneja alimsikiliza kwa heshima zote, akiwa amerudi nyuma mpaka ukutani, na asubuhi yake akaja kuchukua mashuka yake yote, yaliyofuliwa na ambayo hayajafuliwa, hata yale yaliyokuwa bado mabichi kambani.

Pasi alibaki wodini akimeza vidonge. Homa ilianza kumwachia, akaanza kumtania nesi kuhusu mikunjo ya sare yake. Binti alimpikia mama yake, akamwamkia, akamjibu alichoulizwa. Lakini mtoto hakumpa kumshika.

Wiki hiyohiyo, asubuhi, wakamleta mtoto hospitali apimwe. Mtoto mdogo hajui kukohoa akatema, huwa anayameza makohozi yake, kwa hiyo inabidi yafuatwe tumboni. Nesi aliwaeleza: watampitisha bomba jembamba puani, lishuke, livute kidogo. Haiumizi sana ila atalia. Aliandaa trei, akageuka, na kwa kuwa Bi Doa ndiye aliyekuwa karibu, akamnyooshea kikopo.

"Bibi, nishikie hiki hapa chini ya bomba."

Bi Doa aliweka mikono yake nyuma ya mgongo.

"Mpe mama yake," alisema. "Mikono yangu mimi ina dawa."

Nesi hakuelewa, akamtazama binti. Binti alikuwa amemkumbatia mtoto kwa mikono miwili, na mtu hawezi kushika mtoto na kikopo kwa pamoja. Kisha akapokea kikopo.

"Basi nishikie mtoto, mama," alisema.

Bi Doa alimpokea mjukuu, akamfunga mikono kifuani pake kama alivyoelekezwa. Bomba lilipoingia puani mtoto akapiga ukelele, na bibi yake akalia naye, kwa sauti, mbele ya watu wote, machozi na kamasi vikimshukia kwenye blauzi bila kujipangusa.